Mkono Ndani ya Gurudumu

Nikipita Busia siku hizi na kuwaona vijana wa bodaboda wakijaza upepo, huwa nasimama na kununa. Kijana anavuta mpira mrefu kutoka kwenye mashine, anaugusisha kwenye vali, mashine inanguruma kidogo, basi, amemaliza. Wengine hata hawashuki kitini. Hakuna aliyeomba msaada, hakuna aliyepiga magoti. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, bibi, unanunia nini? Nikamwambia nanunia upepo. Akacheka, akadhani uzee umeanza kunipanda kichwani. Sikumweleza, maana ningelia pale pale barabarani, nami sitaki watu wa sokoni wanione nikilia.

Ninachokitamani ni kitu kidogo. Natamani kupiga magoti kando ya gurudumu la nyuma la pikipiki ya mume wangu, nipenyeze mkono kati ya spoku, nishike kimpira cha pampu kwenye vali, naye awe amesimama juu yangu akipampu. Nimekula vizuri maishani, nimezaa, nimejenga. Lakini nikiambiwa nichague saa moja ya kurudishiwa, nitachagua hiyo, na nitakwenda bila hata kubadilisha nguo.

Niliolewa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Nilitoka kwetu Busia, upande wa Kenya, kwa Wasamia, nikapelekwa Kirewa kwa Wapadhola, wilaya ya Tororo. Mimi sikujua Kipadhola hata cha kuombea maji, na yeye hakujua Kisamia. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Chake kilikuwa kile cha mpakani, kifupi kifupi: ninashika, unashika, anashika, kwake zote zilikuwa "nashika". Nilimcheka sana mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili nikajikuta nami nasema vivyo hivyo.

Alikuwa bwana pamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya watu, Mwello na kwingineko, akiwaonyesha namna ya kupanda kwa mstari na kuwakaripia walioacha mabua ya mwaka jana shambani. Kwa kazi hiyo alipewa pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mabwana pamba wawili kabla yake, na kila mmoja alikuwa ameiachia ugonjwa wake.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa gurudumu la nyuma. Upande mmoja lilibanwa na mnyororo, upande wa pili na ngoma pana ya breki, na katikati spoku zilikuwa zimesongamana. Tyubu ya asili ilikuwa imepasuka, ikawekwa nyingine isiyokuwa yake, yenye vali fupi iliyochungulia tu kwenye rimu na kujificha nyuma ya spoku. Kichwa cha kimpira cha pampu kilitakiwa kuzungushwa hadi kikaze, lakini kilikuwa kimelika, hakikazi tena. Kwa hiyo ilibidi mmoja akikandamize kwa vidole huku mwingine akipampu. Mkono wa mume wangu ulikuwa mkono wa mtu aliyekulia kwenye jembe. Ukifika kwenye vifundo unakwama. Wangu uliingia. Mama yangu alikuwa na mikono myembamba, nami nilirithi.

Kila asubuhi kabla hajaondoka tulifanya kazi ile. Aliiweka pikipiki kwenye stendi, akazungusha gurudumu polepole mpaka vali itazame nyuma. Ikiwa juu, madigadi inaiziba. Ikiwa chini, ekzosi inakuunguza kiwiko. Nilipiga magoti, nikatia mkono.

"Nashika?" aliniuliza.

"Nashika."

Ndipo alipoanza. Alikuwa mtu mkimya, na uani kwao, mbele ya wazazi wake, mume hakumshika mkewe mkono wala hakumkalia karibu. Pale kwenye gurudumu tulikuwa na kisingizio. Kichwa changu kilikuwa karibu na goti lake, na kati ya pigo moja na jingine aliniambia mambo ambayo hakuyasema kwingine kokote: kwamba usiku ule aliota amekuwa mrefu, kwamba chai yangu ilikuwa afadhali kuliko ya mama yake lakini nisithubutu kurudia kauli hiyo. Tairi lilipojaa nilikuwa sitaki lijae.

Mara moja kwa mwezi alinipeleka kumwona mama yangu. Baba alikuwa amefariki, ndugu zangu walikuwa wameajiriwa mbali, na mama alibaki peke yake katika boma letu nje ya Busia, lililozungushiwa ua wa minyaa. Mume wangu hakuvuka ule ua hata siku moja. Kwetu na kwao pia, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Mama akisikia pikipiki kwa mbali alijitupia leso kichwani na kutoweka nyuma ya jiko. Chakula cha mkwe nilikibeba mimi hadi nje ya ua, akala peke yake amekaa kwenye jiwe, na kujaza upepo tukajazia hapo hapo. Mama hakumtaja ila kwa "mwenye pikipiki". Alimpenda, najua, maana mapaja yote ya kuku yalikwenda kwenye lile jiwe na mimi nikaachiwa shingo.

Nilipofikisha miezi minane ya mimba yangu ya kwanza nilikwenda kukaa kwa mama wiki mbili nipumzike. Kabla sijaondoka, mkunga wa hospitali ya Tororo alinikalisha na kunionya. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma, macho yakianza kuona vimulimuli mchana, nisingoje kesho. Nije siku hiyo hiyo. Nilimwitikia kama tunavyowaitikia wakunga, kisha nikasahau.

Siku ambayo mume wangu alikuja kunichukua ilikuwa siku ya soko. Niliamka kichwa kinanigonga, pete imezama kidoleni, na mimi, kwa ubishi wangu, nikamwambia mama ni joto tu. Kufikia saa nne nilikuwa nikiona vimulimuli. Mama aliniangalia mikono, akaingia ndani, akaanza kukunja nguo zangu. Hapo nilijua anaogopa.

Tukasikia pikipiki. Mama akakimbilia nyuma ya jiko, nami nikatoka na kifurushi changu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala kabisa. Mwiba wa njiani ulikuwa umeingia, akauchomoa, na upepo ukawa unatoka kidogo kidogo. Kulifungua gurudumu lile na kuziba tyubu ilikuwa kazi ya nusu siku.

"Tajaza tu," alisema. "Tajaza, tukwende, tajaza tena njiani."

Nikapiga magoti. Nikatia mkono, na mkono ukakataa. Nilisukuma hadi ngozi ikachubuka kwenye spoku. Nilijaribu wa kushoto. Vidole vyangu vilikuwa vimejaa, havikuwa tena mkono wa mama yangu. Mume wangu alinishika kiganja, akakigeuza huku na huku.

"Kidole gani hii?" akasema. Kisha akanitazama usoni, na sikuhitaji kumweleza habari ya mkunga, maana siku ile ya kuonywa alikuwa amesimama mlangoni.

Akatia mkono wake mwenyewe. Alisukuma mpaka damu ikamtoka kwenye vifundo, na vali ilikuwa bado mbali naye kwa upana wa vidole viwili. Gari la abiria la kwenda Tororo lilikuwa limepita tangu asubuhi. Nyumba zote za jirani zilikuwa zimefungwa, watu wako sokoni, wao na watoto wao. Nilikaa chini kwenye vumbi. Niliogopa kufa, nasema kweli, na niliogopa zaidi kwa ajili ya yule aliyekuwa ndani, ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka ndani ya ua.

"Mwulize mwenye pikipiki kama mkono wa mzee utafaa."

Mume wangu alisimama ghafla, akageukia barabara, akatupa mgongo. Nikamwuliza, ingawa alikuwa amesikia. Alijifuta damu ya vifundo kwenye suruali.

"Ambia yeye tafaa," akasema.

Mama akatoka akitembea kinyumenyume, leso imemfunika mpaka kidevuni. Tulitandika leso yake ya pili juu ya kiti cha pikipiki ikaning'inia upande mmoja hadi karibu na ardhi. Mama alichuchumaa nyuma yake, mume wangu akasimama upande wa pili na pampu, nami nikakaa kati yao kwenye vumbi, nikawa mkalimani wa watu wawili ambao hawakutengana hata kwa hatua tatu.

"Mwambie anipe hicho kimpira."

"Mama anataka kimpira."

"Ambia yeye achunge kidole, spoku nakata."

"Mama, anasema uangalie spoku."

"Mwambie nimekamua ng'ombe wakali kabla hajazaliwa."

Hilo sikulifikisha. Mkono wa mama uliingia kati ya spoku bila kugusa chuma chochote. Pampu ikaanza kulia, na nikaliona tairi likianza kufura. Nilikuwa nimelala ubavu, uso karibu na gurudumu, na nilichokiona kwa karibu ni vile vidole vyeusi vyembamba vilivyokandamiza vali, kimoja chenye kovu la kisu cha jikoni.

Tairi lilipojaa ndipo sote tulipofikiri jambo lile lile. Upepo utatoka tena. Na njiani, nani atatia mkono? Tusingeweza kufika Buteba, katikati ya safari, tusimamishe watu tuanze kuwapima vidole. Mama alifunga mlango wa nyumba, akarudi na kifurushi kidogo.

"Mwambie mwenye pikipiki asogee mbele."

Tulipanda watatu. Mume wangu mbele, mimi na tumbo langu katikati, mama nyuma, akijifunika uso na leso, magoti yake ameyapinda nje yasije yakafika mbele yangu. Nilikuwa ukuta wao. Tulipofika kizuizini mpakani, askari mmoja alitazama ule msafara wetu, akatutazama mmoja mmoja, na nadhani alielewa nani ni nani kwa namna mama alivyojiviringa. Bila shaka alikuwa na mama mkwe wake mahali. Aliinua mti, kisha akatupa mgongo kwa heshima mpaka tukapita.

Pikipiki ilikwenda polepole. Kila tulipopita shimo nilisikia rimu ikigonga, na mama nyuma yangu akinong'ona sala. Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba ulio juu ya mji, lilionekana mbele, dogo, la buluu, na kila nilipofumbua macho lilikuwa pale pale, halijakua. Tulipofika Buteba tairi likalala tena.

Walinishusha, wakanilaza kwenye majani kando ya barabara. Kichwa changu kilikuwa kinapasuka, mwanga ulinichoma machoni, sikuweza kutamka neno. Nilimsikia mume wangu akiiweka pikipiki kwenye stendi. Nilimsikia akilizungusha gurudumu. Kisha nikamsikia anangoja. Alikuwa anangoja mimi niseme, mwambie mama hivi, na mimi sikuwa na sauti.

Jua lilikuwa kali. Mama alivua leso kichwani, akanitundikia juu ya kijiti iweke kivuli usoni pangu. Ile ya pili alikuwa ameilaza chini yangu. Hakubaki na kitu cha kujifunika. Aliinuka akaenda kwenye gurudumu hivyo hivyo, kichwa wazi, mvi zote nje, akachuchumaa mbele ya mkwe wake.

"Mwanangu," akamwambia. "Leta."

Kimpira kilianguka. Nilikisikia kikigonga kwenye ngoma ya breki. Mume wangu alikiokota, akampa, na vidole vyao vikakutana mle ndani kati ya spoku, maana pale palikuwa hapana nafasi ya vidole kukwepana. Nilichungulia chini ya leso, na niliona.

"Mama," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza. "Nashika?"

"Nashika. Pampu, mwanangu."

Akapampu. Alikuwa analia, mtu mzima, bwana pamba, pua zinamchuruzika, hana mkono wa kujifutia. Mama hakugeuza uso. Mimi nilikuwa nusu hapa nusu sijui wapi, na bado nakumbuka wivu mdogo ulionichoma, kwamba maneno yale yalikuwa yetu wawili, na sasa yanasemwa na mtu mwingine. Halafu wivu ukaondoka na sikuogopa tena. Nilijua watanifikisha.

Tulisimama mara moja nyingine karibu na Tororo, na sikumbuki chochote cha pale. Binti yetu alizaliwa alfajiri ya siku iliyofuata, mdogo, mwenye hasira. Waliniambia baadaye kwamba muda wote ule mama alikaa mwisho mmoja wa baraza ya hospitali, leso imerudi kichwani hadi kidevuni, na mume wangu mwisho wa pili, akiwa amempa mgongo. Muuguzi alipotoka na habari alilazimika kuitoa mara mbili. Mama alirudi Busia kwa gari la abiria, na baadaye akatuma kuku, na mume wangu akatuma mbuzi, kusafisha yale yaliyotokea. Hawakusemezana tena.

Lakini kila mwezi nilipokwenda, mama alinisindikiza hadi karibu na ua na kuniambia, "Mwulize mwenye pikipiki gurudumu lake halijambo?" Nami nikatoka nje na kuuliza.

"Ambia yeye gurudumu nasalimia," alijibu yule wa kwenye jiwe, na nilisikia mama akicheka ndani ya ua.

Mwaka mmoja au miwili baadaye fundi mmoja wa Tororo alimchongea mume wangu kipande cha shaba kilichopinda, upande mmoja unakaza kwenye vali na mwingine unatokeza nje ya spoku. Akaanza kujaza upepo peke yake. Alifurahi sana, akanionyesha kama mtoto aliyeshinda gololi. Nilimwambia ni kizuri. Nilikichukia. Asubuhi nilisimama mlangoni nikiwa nimebeba binti yetu, nikamtazama akipampu kimya kimya, na sikuwa na kisingizio cha kumkaribia.

Mama alikufa kwa homa kabla binti yetu hajaanza shule. Tulikwenda Busia kumzika. Mume wangu alileta ng'ombe kama inavyompasa mkwe, akamkabidhi kwa ndugu zangu, na yeye akabaki nje ya ua wa minyaa. Mkwe haingii kumtazama mama mkwe aliyelala. Nilikuwa ndani na wanawake wa kwetu, jeneza liko mbele yetu, nyimbo zinaimbwa, wanaume wanajiandaa kulibeba hadi kaburini, niliposikia pampu.

Nilidhani ni masikio yangu. Nikasikiliza tena. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nikasikia shangazi yangu akiniita, nikatoka nje.

Pikipiki ilikuwa kwenye stendi. Alikuwa amelizungusha gurudumu mpaka vali ikatazama nyuma. Kile kipande cha shaba alikuwa amekivua, kiko juu ya lile jiwe alilokuwa akikalia siku zote. Kimpira kilikuwa kinaning'inia kati ya spoku, hakikushikwa na mtu, na yeye alikuwa anapampu, upepo wote unamwagika nje. Tairi lenyewe lilikuwa limejaa tangu tulipotoka Kirewa. Aliponiona aliacha.

"Sasa nani nashika?" akaniuliza.

Nikapiga magoti na nguo yangu ya msiba. Nikatia mkono, ukaingia. Nyuma yangu, ndani ya ua, niliwasikia wanalinyanyua jeneza, na nilijua nisipoinuka sasa hivi sitamwona mama yangu akishushwa. Watu wa kwetu walinisema kwa hilo miaka na miaka, na wachache waliobaki wananisema hadi leo.

"Nashika," nikamwambia. "Pampu."